Kondoo Dolly alibeba sifa zote

Wasee, 1997 dunia nzima ilikuwa inaongelea kondoo. Dolly alitangazwa Februari kule Scotland, na tangu hapo ukitaja kukloni, mtu anawaza kondoo wawili wanaofanana. Sawa tu. Lakini mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, kuna kitu kingine kilikloniwa na hakuna gazeti lilipeleka kamera. Kwangu hicho ndicho kilikuwa na uzito.

Hawa walikloni jeni moja tu. Yaani unatoa kipande cha DNA, unakiingiza kwa bakteria, bakteria wanazaana na kukutolea kopi hadi unapata za kutosha kuchunguza. (Mimi chuo niliacha, so hakuna wa kunipa maksi hapa.) Jeni ilitoka kwa Cryptococcus neoformans, hamira ambayo hutaki karibu na mandazi yako. Inaishi kwa udongo na kinyesi cha njiwa, na tunaivuta tukipumua tu. Ukiwa na kinga nzuri, kwa kawaida hata hujui. Kwa mtu ambaye Ukimwi umemaliza kinga yake, inapanda hadi kwa ubongo.

Audrey Odom, Joseph Heitman na wenzao walikuwa wanafuata protini inaitwa kalsinurini. Iko kwa hamira ya mkate, iko kwa ng'ombe, iko kwako. Mageuzi yameibeba mamia ya mamilioni ya miaka bila kuitupa, na kitu kikitunzwa hivyo, ujue kina kazi.

Basi wakaiharibu jeni hiyo makusudi. Fangasi ikaendelea kukua kwa nyuzi 24 kama kawaida. Kwa nyuzi 37, ikakwama kabisa. Nyuzi 37 ni joto la mwili wako. Walipoijaribu kwa wanyama wa maabara, ugonjwa haukutokea.

Ungedhani dawa imepatikana, si ndio? Na dawa ya kuzima kalsinurini ilikuwepo tayari: FK506, iliyotolewa kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, miaka ya 80. Shida ni kwamba hiyo hupewa watu waliopandikizwa ini au figo, izime kinga ili mwili usikatae kiungo kipya. Kalsinurini yetu ndiyo huamsha seli za kinga. Sasa umpe mgonjwa wa Ukimwi? Unamzimia hata kile kidogo kimebaki.

Ilibidi watafute pale fangasi na sisi tunapotofautiana. 2019 ndio Heitman na wenzake walichapisha maumbo ya kalsinurini za fangasi kadhaa, pamoja na FK506 iliyofanyiwa marekebisho, APX879, isiyokandamiza kinga sana. Ilisaidia panya. Panya, miaka 22 baadaye.

Makadirio ya 2020 yalikuwa vifo kama 112,000 kwa mwaka, wengi Afrika kusini mwa Sahara. Na dawa mbili kuu za kuanza matibabu, amphotericin B na flucytosine, ni za miaka ya 50. Shosho zetu walikuwa wasichana.