Kwenda Kuona Maua: Historia ya Ukanda wa Matunguu wa Uholanzi

Kati ya miji ya Haarlem na Leiden, nyuma ya matuta ya mchanga yanayoikinga Uholanzi na Bahari ya Kaskazini, upo ukanda mwembamba wa ardhi uitwao Bollenstreek. Hillegom, Lisse, Sassenheim, Voorhout, Noordwijk na vijiji jirani vimejulikana kwa vizazi kadhaa kwa kazi moja: kukuza matunguu ya maua kama tulipu, hiasinti na narsisi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzoni mwa Mei, wageni humiminika humo kwa baiskeli, treni na mabasi, wengi wakiwa na marafiki zao, kutazama mashamba yaliyopigwa mistari ya rangi hadi upeo wa macho. Hata hivyo, mkulima hakuyapanda maua hayo ili yatazamwe. Anachouza ni tunguu lililofukiwa mchangani. Ua likishachanua, naye akishahakikisha kwamba mmea ni mzima na ni wa aina aliyoikusudia, hulikata kichwa ili nguvu yote irudi chini kwenye tunguu. Uzuri unaofuatwa na mamilioni ya watu ni hatua fupi tu katika kilimo cha kitu kisichoonekana.

Tulipu si mmea wa asili wa Uholanzi. Jamaa zake za porini huota katika milima ya Asia ya Kati, kwenye safu za Tien Shan na Pamir, mahali penye baridi kali na kiangazi kikavu. Ni Waturuki wa Milki ya Osmani waliolifanya kuwa ua la bustani na la heshima, na kutoka Istanbul likaingia Ulaya katikati ya karne ya 16. Mwaka 1559 mtaalamu Mswisi Conrad Gessner aliliona likiwa limechanua katika bustani moja mjini Augsburg, akaliandikia maelezo. Miaka michache baadaye, mfanyabiashara mmoja wa Antwerp alipokea matunguu yaliyokuja pamoja na shehena ya vitambaa kutoka Istanbul. Akayadhania kuwa vitunguu, akayaoka mengine na kuyala kwa mafuta na siki, na yaliyosalia akayafukia bustanini. Kisa hicho kilihifadhiwa na Carolus Clusius, ambaye ndiye hasa aliyeitia tulipu mizizi Uholanzi. Clusius, mzaliwa wa Arras aliyewahi kutunza bustani ya mfalme mkuu mjini Vienna, alifika Leiden mwaka 1593 kusimamia bustani mpya ya chuo kikuu. Tulipu zake zilichanua katika machipuko ya 1594. Aliwagawia marafiki wanazuoni, lakini wenye pesa hakuwa na haja nao, na baadhi ya matunguu yake yaliibwa.

Kilichofuata ndicho kipande cha historia hii kinachojulikana kuliko vyote, nacho ndicho kilichopotoshwa zaidi. Tulipu zilizotamaniwa mno na matajiri wa karne ya 17 zilikuwa na michirizi ya rangi kama miali ya moto juu ya weupe au umanjano. Hakuna aliyejua jinsi ya kuizalisha michirizi hiyo, kwa kuwa ilitokana na virusi vinavyoenezwa na vidukari, jambo lililothibitishwa katika miaka ya 1920 tu. Virusi hivyo vilidhoofisha mmea, kwa hiyo tunguu zuri kuliko yote ndilo lililokuwa zito kuzaana, na uhaba ukapandisha bei. Isitoshe, tunguu hung'olewa mwezi wa Juni na kupandwa tena kabla ya baridi, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka bidhaa yenyewe ilikuwa chini ya ardhi. Wanunuzi walioketi katika vyumba vya vilabu vya Haarlem walibadilishana hati za ahadi badala ya mali, na Waholanzi wenyewe wakaiita biashara ya upepo. Katika siku za mwanzo za Februari 1637, wanunuzi wa Haarlem walianza kujitoa. Siku hizohizo, tarehe 5, mnada mjini Alkmaar wa matunguu ya yatima wa Wouter Winkel, mwenye kilabu aliyefariki, ulikusanya takribani gilda 90,000, fedha nyingi ajabu kwa enzi ile. Bei zikaporomoka baada ya hapo. Mwaka uliofuata wakuu wa Haarlem waliamua kwamba mnunuzi angeweza kuvunja mkataba kwa kulipa asilimia 3.5 ya bei waliyokubaliana.

Kwamba taifa zima lilifilisika, kama alivyosimulia Charles Mackay katika kitabu cha 1841, si kweli. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, alipekua kumbukumbu za mahakama na za mawakili wa miji husika, na alikuta watu wachache mno walioharibikiwa. Walioumia zaidi walipoteza imani: ahadi ya mtu mwenye heshima ilikuwa imevunjwa hadharani. Kilimo chenyewe hakikusimama hata msimu mmoja.

Katika karne ya 18 hiasinti ilipanda juu ya tulipu. Wakulima wa Haarlem, wakiwemo jamaa wa Voorhelm, walitoa hiasinti zenye maua yaliyojaa, wakachapisha orodha za bei na kuuza hadi katika majumba ya wafalme wa Ufaransa na Ujerumani. Bustani zao zilikuwa ndogo, pembezoni mwa mji, nazo zilitosha maadamu wateja walikuwa matajiri wachache. Karne ya 19 ilileta wateja wa aina nyingine, familia za miji ya Uingereza, Ujerumani na baadaye Marekani, zilizotaka matunguu mia kwa bei nafuu. Haarlem haikuwa tena na nafasi, na wakulima wakaanza kuelekea kusini.

Huko kusini ndiko mandhari ya leo ilikotengenezwa, na neno kutengenezwa linastahili kuchukuliwa kwa uzito wake wote. Wageni wengi hudhani kwamba ukanda huu ulikuwa tambarare tangu mwanzo. Kumbe palikuwa na matuta ya kale ya mchanga yaliyojaa miti, na mashamba makubwa ya starehe ya matajiri wa Amsterdam na Leiden. Vibarua waliyachimba matuta hayo kwa majembe na makoleo, mwaka baada ya mwaka, wakichimba kwanza mfereji ili mashua ifike, kisha wakipakia mchanga na kuupeleka mijini, kulikokuwa na kiu ya mchanga wa kujengea na kuinulia ardhi tepetepe. Mwenye ardhi alilipwa mara mbili: aliuza mchanga uliotoka, kisha akauza au kukodisha shamba lililobaki. Uchimbaji uliishia pale ambapo uso wa ardhi ulikuwa takribani nusu mita au zaidi kidogo juu ya maji yaliyo chini. Kipimo hicho ndicho siri ya ukanda mzima. Mizizi hupata unyevu bila tunguu lenyewe kulowa, na mifereji yenye kutunzwa kwa kina kilekile hulinda kiwango hicho kiangazi na baridi. Mchanga una chokaa ya makombe ya bahari, hauna mawe, na tunguu hutoka humo likiwa safi. Lililokosekana ni rutuba, nayo iliongezwa kwa samadi ya ng'ombe. Ardhi hii, kwa maneno mengine, ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika orodha yoyote ya maua.

Vijiji navyo vikabadilika. Yalijengwa maghala marefu ya matofali yenye milango mingi kuta zote, ili upepo upite na kukausha matunguu kwenye rafu. Kazi ya mwaka ikajipanga yenyewe: kupanda kuanzia Septemba hadi Novemba na kufunika matuta kwa majani makavu dhidi ya barafu, kukagua magonjwa na kukata vichwa vya maua Aprili na Mei, kung'oa Juni na Julai, kisha kumenya. Kumenya, yaani kuondoa maganda makavu na kutenganisha matunguu madogo na mama yao, ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na kwa familia maskini malipo yake yalihesabiwa katika bajeti ya mwaka. Mwaka 1860 wakulima waliunda chama chao cha kitaifa. Mwaka 1889 kampuni ya Krelage ya Haarlem ilizionesha Paris tulipu ndefu za rangi moja zilizopewa jina la Darwin, na ladha ya soko ikahama kutoka kwenye michirizi. Mwaka 1921 kampuni ya mnada iitwayo Hobaho ilianzishwa Lisse.

Sayansi ilifuata biashara. Minyoo midogo iliyokuwa ikiangamiza narsisi ilidhibitiwa kwa kuyatosa matunguu katika maji ya moto yaliyopimwa kwa uangalifu, kazi iliyoendelezwa na Egbertus van Slogteren na maabara yake huko Lisse. Wageningen nako, Anton Blaauw alitafiti jinsi joto na baridi ya ghalani vinavyoliamuru tunguu kuchanua, ujuzi uliowezesha tulipu kuuzwa zikiwa zimechanua katikati ya baridi kali. Hayo hayakuwakinga wakulima na soko. Katika mdororo wa miaka ya 1930 matunguu yalizidi wanunuzi, serikali ikaweka mipaka ya kupanda, na mazao ya ziada yakaharibiwa.

Desturi ya kwenda kuona maua ilikua polepole pembeni mwa kazi hiyo. Reli ya Haarlem hadi Leiden, iliyofunguliwa mwaka 1842, ilipita katikati ya ukanda, na tramu ya mvuke iliyofuata mwaka 1881 ilisimama kijiji kwa kijiji. Mwaka 1886 Claude Monet alialikwa na afisa wa ubalozi wa Ufaransa mjini The Hague, akachora picha tano za mashamba ya tulipu, akilalamika kwamba rangi za mchoraji haziwezi kuyafikia. Kisha ikaja baiskeli, chombo ambacho karani, mwalimu na mfanyakazi wa dukani waliweza kukimudu. Jumapili za Aprili vijana wa Amsterdam, The Hague na Rotterdam waliondoka asubuhi kwa makundi wakirudi jioni. Kandokando ya barabara watoto wa vijijini waliwauzia mashada marefu ya hiasinti na narsisi yaliyotungwa uzini, nao wakayavaa shingoni au kuyafunga kwenye usukani wa baiskeli, na baadaye mbele ya magari. Malighafi ya mashada hayo ilikuwa vichwa vya maua vilivyokatwa, ambavyo vinginevyo vingerundikwa kandokando ya shamba vioze. Hapa ndipo taka ya mkulima ilipogeuka sherehe ya mji, bila kamati wala mpango wa serikali.

Vita vya Pili vya Dunia viliyaweka matunguu mahali pasipo pake. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, miji ya magharibi ilipokatiwa chakula, watu takribani 20,000 walikufa kwa njaa na matokeo yake. Matunguu ya tulipu yaliyokosa soko yaliuzwa kama chakula. Watu walielekezwa kuondoa kiini cha njano chenye madhara, kisha kuyachemsha au kuyasaga kuwa unga. Wengi waliookoka hawakuweza tena kusahau ladha ile.

Baada ya vita wakulima walihitaji kurudisha wateja wa nje, na safari ya machipuko ikawa sehemu ya biashara kwa makusudi. Mwaka 1947 Willem Warmenhoven wa Hillegom alitengeneza nyangumi wa maua juu ya lori, na mwaka 1948 ukafanyika msafara wa kwanza kamili wa magari yaliyopambwa. Hadi leo msafara huo hupita kati ya Noordwijk na Haarlem kila Aprili, na mapambo yake bado hutegemea sana vijiua vya hiasinti vilivyochumwa kutoka kwenye vichwa vilivyokatwa. Mwaka 1949 wakulima na wauzaji 20 walikodi uwanja wa kasri la Keukenhof huko Lisse, ambako katika karne ya 15 jikoni kwa mtawala Jacoba wa Bavaria kulipata mboga na nyama ya kuwinda. Bustani ya kasri hilo ilikuwa imechorwa mwaka 1857 na Zocher, baba na mwana. Maonesho yalifunguliwa 1950 na watu 236,000 walifika mwaka huo wa kwanza. Siku hizi hupandwa humo takribani matunguu milioni 7 katika hekta 32, na katika mwaka mzuri wageni huzidi milioni moja. Milango ilifungwa kwa umma katika misimu ya 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19.

Kilimo kwa upande wake kimehama. Sehemu kubwa ya tulipu za Uholanzi sasa hukuzwa kaskazini, kwenye ardhi iliyokaushwa kutoka baharini katika Noord-Holland na Flevoland, ambako mashine kubwa hufanya kazi kwa nafasi. Maua ya kukatwa ni biashara tofauti, yenye mnada wake Aalsmeer, na humo waridi za Naivasha na Ethiopia huuzwa kando ya tulipu za nyumba za vioo. Ukanda wa zamani umebaki na hiasinti, narsisi na aina zinazohitaji mchanga wake. Nyumba zikiendelea kuusonga, mwaka 1996 manispaa na mashirika husika yalitia saini Mkataba wa Teylingen ili kulinda ardhi bora ya matunguu isijengwe. Zipo hoja nyingine nzito: dawa za kuua wadudu na kuvu zinazoingia katika maji ya mifereji, na wageni wanaokanyaga matuta wakitafuta picha, hali inayoweza kueneza magonjwa kutoka shamba hadi shamba. Wakulima wameweka kamba na mabango kwenye kingo, na baadhi yao wametenga bustani za kuchuma maua kwa malipo. Katika mashamba mengine yote, mashine ya kukata vichwa hupita mara ukaguzi unapokamilika, awepo mgeni au asiwepo.