Mkuu Wenu ni Nani?

Jirani yangu hapa Mikocheni hukaanga vitumbua mbele ya nyumba yake kabla hakujapambazuka. Mwanawe ni askari. Mwanzoni mwa 2024 kijana alipangiwa Kongo, akaja kumuaga mama yake nami nikiwa pale nangoja vitumbua vyangu. Mama hakuuliza habari za vita. Aliuliza, "Huko mnakokwenda, mkuu wenu ni nani?"

"Kikosi ni cha SADC, mama. Kamanda anatoka Afrika Kusini."

"Na Rais wetu?"

"Ndiye Amiri Jeshi wetu, kama kawaida."

"Basi mna wakubwa wawili, mwanangu." Akageuza vitumbua.

Swali lake hunirudia kila ninapopanda daladala la Tegeta pale Mwenge, kwa kuwa mbele ni Lugalo. Kambi ile zamani iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa Keya walipigana mwaka 1941 chini ya maofisa wa Kiingereza. Leo inaitwa Lugalo, mahali karibu na Iringa ambako Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani Agosti 1891. Katikati ya majina hayo mawili kuna swali lilelile la mama: askari anamtii nani?

Tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini jijini Nairobi tamko la kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Majeshi ya nchi zao yalikuwa watoto wa mama mmoja, Keya. Walifundishwa kwa namna moja, na wengi wa wakubwa wao walikuwa bado Waingereza. Kwa mtazamaji wa mbali, kuyaunganisha kungeonekana kazi rahisi.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Tarehe 23 wakaasi wa Jinja, Uganda. Tarehe 24 wakafuata wa Lanet, Kenya. Ndani ya siku tano serikali zote tatu zilikuwa zimewaita Waingereza waje kuwanyang'anya askari wao silaha. Hapa Dar es Salaam makomandoo walishuka kwa helikopta kutoka kwenye meli, asubuhi ya tarehe 25. Mwalimu hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Kumbe majeshi yale yalifanana sare na gwaride tu. Shirikisho lenyewe halikuzaliwa.

Uliozaliwa ni Muungano mwingine. Hati ya Tanganyika na Zanzibar ya Aprili 1964 ilitaja mambo 11 ya Muungano, ulinzi ukiwa mmojawapo. Jeshi la zamani la Tanganyika lilikwisha kuvunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaanzishwa JWTZ, Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Kwenye karatasi jambo lilikwisha. Kwa vitendo, jeshi lililotokana na Mapinduzi ya Zanzibar liliendelea kwa muda na njia zake, likimsikiliza zaidi Karume. Amri moja ilijengwa polepole, na iliwezekana kwa sababu juu ya majenerali wote alikuwapo Amiri Jeshi Mkuu mmoja, na nyuma yake dola moja inayolipa mshahara, inayoshtaki na inayozika. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, lilikwenda jeshi moja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo imeanzia upande mwingine. Itifaki ya ulinzi ya 2012 inazungumzia ushirikiano. Kila nchi imebaki na jeshi lake. Kikosi cha Jumuiya kilipoingia mashariki mwa Kongo mwishoni mwa 2022, Kinshasa ilitaka kipigane na M23, ilhali waliokituma walikiona zaidi kama mlinzi wa makubaliano. Kiliondoka Desemba 2023. Tanzania, mwanachama wa Jumuiya hiyohiyo, ikapeleka askari wake kupitia SADC. Jirani yangu angesema: wakubwa wengi, amri haba.

Aprili 2024 ilitangazwa kwamba kombora limeua askari watatu wa Tanzania huko. Tangazo lilitoka SADC. Nilimkuta jirani yangu amekaa barazani, jiko halijawashwa, simu mkononi.

"Nimpigie nani?" aliniuliza. "Wa hapa Lugalo, au wa huko?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa naye. Kijana alipiga mwenyewe baada ya siku mbili, na kesho yake vitumbua vikarudi. Lakini wako mama watatu ambao simu zao hazikulia hivyo, na swali walilobaki nalo halijajibiwa katika itifaki yoyote.