Kabla Uwape Mdundo wa Vidole Vyako, Kumbuka Kipande

Wasee, tuongee kuhusu ile namba ya tarakimu 6 inayoingia kwa simu ukitaka kufungua imeili ama akaunti ya benki. Shida yake ni moja tu: yeyote anayeijua anaingia. Tapeli hahitaji kusomea kompyuta. Anakupigia, anajifanya wa kampuni ya simu, anakwambia umsomee namba umetumiwa, na hapo mchezo umeisha. Mwingine anahamisha laini yako kwa kadi yake, na SMS zako zote zinaanza kumfuata yeye.

Ndio maana wengi walihamia programu zinazotengeneza namba zenyewe. Utaratibu wake ulichapishwa 2011: siri moja inachanganywa na saa, namba mpya inatoka kila sekunde 30. Siku hizi programu hiyo inaweza kukaa ndani ya kivinjari chako. Ni rahisi, lakini sasa nenosiri na namba vinalala nyumba moja. Mtu akipata kompyuta yako ikiwa wazi, amepata funguo zote mbili.

Sasa kuna wazo linalovutia: kivinjari kisitoe namba mpaka kitambue unavyochapa. Kinapima kidole kinakaa muda gani kwenye kitufe, na unachukua muda gani kutoka kitufe kimoja hadi kingine, kwa sehemu ndogo sana za sekunde. Tapeli anaweza kukudanganya umsomee namba. Hawezi kukudanganya umsomee mdundo wa vidole vyako.

Na wazo lenyewe si la jana. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu hapa Ukambani, nyaya za telegrafu ziliandamana nayo. Waendeshaji wa telegrafu duniani kote walikuwa na siri ya kazi: ukisikiliza nukta na vistari vya mwenzako kwa muda, unamjua bila kutaja jina. Walisema kila mtu ana "mkono" wake. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliokuwa wakinasa mawasiliano ya redio ya Wajerumani waliwatambua waendeshaji kwa mkono huo. Kituo kikihama, mkono unakisaliti. Mwaka 1980, taasisi ya RAND ya Marekani ikachapisha utafiti uliowapima makatibu wachache wakichapa, na ikaonekana mdundo wao unaweza kuwatofautisha.

Angalia hapo vizuri. Wale waendeshaji wa redio hawakuulizwa kama wanataka kutambuliwa. Mkono wao ulisikilizwa na adui. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo sisi Wakenya tunaijua kwa uchungu.

Kuanzia 1919 na 1920, serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya 1915 ya kuwasajili wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu. Alama za vidole zilichukuliwa, kila mmoja akapewa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri aliandika humo kazi na mshahara wako. Ukitoroka kazi, alama zako zinakutafuta. Ukipatikana bila kipande, ni faini ama jela. Harry Thuku alipokipinga, pamoja na kodi na mishahara duni, alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Teknolojia ya alama za vidole haikuwa mbaya. Swali lilikuwa rekodi inakaa kwa nani, na inamfanyia nani kazi. Kipande hakikukulinda wewe usiibiwe. Kilimlinda mwajiri usimponyoke.

Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zake haukuwa halali, kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Mwaka 2023 vijana wakapanga foleni tena Nairobi, Worldcoin ikipiga picha mboni za macho kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi hilo Agosti, na Mei 2025 mahakama ikaamuru data hizo zifutwe. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hata tabia zako kama sehemu ya utambulisho wa mwili. Kwa hivyo mdundo wa vidole uko ndani.

Sasa chukua wazo hili ulipeleke soko la Mukuyuni, Makueni. Akaunti ni ya susu, lakini anayebonyeza vitufe ni mjukuu, kwa sababu susu haoni vizuri na vidole vyake vimekazwa na jembe. Mashine itamjua nani? Itamjua mjukuu. Akienda shule ya bweni, susu anafungiwa nje ya pesa zake mwenyewe. Na hata wewe wa Nairobi: siku umekata kidole, ama unachapa kwa kibodi ya mwenzako, wewe si wewe tena.

Msimamo wangu ni huu. Nauunga mkono mdundo wa vidole kama kufuli la pili, mradi kipimo kibaki ndani ya kifaa changu, kisipelekwe kwa seva ya mtu. Niulizwe kwanza. Na kuwe na mlango mwingine kwa susu, usiomlazimisha kusafiri mpaka Wote kujieleza ofisini.

Nenosiri likiibwa, unabadilisha jioni hiyo hiyo. Mdundo wako ukiibwa, utabadilisha vidole? Kwa hivyo ukiona programu inaomba "kujifunza unavyochapa", kabla ubonyeze kukubali, tafuta ni wapi inahifadhi ilichojifunza. Kama haisemi, hicho ni kipande. Tofauti ni kwamba hiki hakina kikopo, na hutakisikia kikigonga shingoni.