Adabu ya Kuchongoana: Utani wa Vijana katika Mitaa ya Eastlands

Mchongoano ni shindano la maneno ambalo watoto na vijana wa Nairobi hufanya wakiwa wamezungukwa na wenzao. Mmoja humrushia mwenzake kejeli kuhusu umbo lake, ushamba wake, uhaba wa kwao au, mara nyingi zaidi, kuhusu mamake. Aliyerushiwa hutakiwa kujibu papo hapo kwa kejeli kali zaidi, na kicheko cha waliosimama kando ndicho kinachoamua mshindi. Karibu kejeli zote hufuata muundo mmoja: mtu au kitu ni cha namna fulani "hadi" au "mpaka" jambo lisilowezekana litokee. Keja yenu ni ndogo mpaka ukiota ndoto ndefu lazima uimalizie nje. Mgeni akipita na kusikia hayo hudhani adabu imekwisha. Kumbe mchezo una masharti mengi, na masharti hayo yalichukua miongo kadhaa kujengeka katika mitaa ya mashariki mwa jiji.

Utani wenye kanuni ulikuwako Afrika Mashariki muda mrefu kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Wajukuu walitaniana na mababu, mashemeji walitaniana wao kwa wao, na katika nchi ambayo leo ni Tanzania kabila zima lilikuwa na watani wake. Mtani aliweza kumnyang'anya mwenzake kitu njiani, kumtolea maneno ambayo mwingine angepigwa kwa kuyasema, hata kuingia matangani na kuwachekesha wafiwa. Aliyetaniwa hakuwa na ruhusa ya kukasirika. R. E. Moreau, ambaye kwa kweli alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, aliuandikia utani huo makala katika miaka ya 1940. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown naye alitoa maelezo yake mwaka 1940: uhusiano wa utani huchanganya urafiki na uhasama, na ruhusa ya kutukanana huwazuia watu waliolazimika kuishi pamoja wasifikie ugomvi wa kweli. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba ruhusa hiyo ilitokana na nasaba. Mtu alijua tangu utotoni nani ni mtani wake na nani si mtani wake.

Nairobi ilivuruga hesabu hiyo. Pumwani, mtaa wa kwanza uliotengwa rasmi na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika, ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwaka 1939, na wengi wa wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kariakor, jirani ya Pumwani, ilibaki na jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Majengo ya Pumwani yalikuwa na wenye nyumba Waislamu, wanawake wengi miongoni mwao, na wapangaji waliotoka kila pembe. Lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Katika ua kama huo mtu angeweza kulala ukuta kwa ukuta na majirani wa makabila manne, na asipatikane hata mmoja aliyekuwa mtani wake kwa desturi ya kwao.

Hata hivyo, mchezo wa watoto haukuweza kustawi mahali penye watoto wachache. Sera ya kikoloni ilimtaka mfanyakazi Mwafrika aje mjini peke yake na amwache mkewe mashambani, ndiyo maana nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya wanaume waseja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya familia, ikiwa na ukumbi wake wa mikutano na viwanja katikati ya nyumba. Katika muongo uliofuata mitaa mingine iliongezeka kandokando ya barabara ambayo sasa inaitwa Jogoo. Miwili ilipewa majina ya madiwani Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa hali ya hatari. Operesheni ya serikali ya kikoloni ya Aprili 1954, iliyowazoa Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini, ilibadilisha sura ya mitaa hiyo kwa muda. Baada ya uhuru mwaka 1963 milango ilifunguka. Sensa ya 1969 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 Nairobi, na ile ya 1979 zaidi ya 800,000. Chumba kilichokusudiwa mtu mmoja sasa kilikuwa na baba, mama na watoto watano, na watoto hao walishinda nje.

Huko nje ndiko Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ilikokomaa. Nyumbani mtoto alisikia Kijaluo, Kikamba, Kigikuyu au Kiluhya, darasani alifundishwa Kiingereza, na uani alihitaji lugha ambayo wote wangeielewa. Wataalamu hawaafikiani kuhusu umri wake: Alamin Mazrui alizifuata dalili zake hadi lugha ya wezi wa miaka ya 1930, ilhali wengine huiona kama zao la Eastlands ya miaka ya 1960 na 1970. Kwa habari ya utani, tarehe si muhimu sana. La maana ni kwamba kizazi cha kwanza kilichozaliwa mtaani kilipata lugha yake, na hakikurithi orodha ya watani. Kilijitungia ruhusa mpya. Badala ya nasaba, kigezo kikawa rika na eneo: unaweza kumchongoa uliyelelewa naye.

Utani wa zamani haukufa wote. Ulipata makao mengine katika soka. Klabu ya Abaluhya ilianzishwa 1964 na Gor Mahia 1968, na uwanja wa City ulio kando ya Jogoo Road ukawa mahali ambapo mashabiki wa Kiluhya na wa Kijaluo walikutana kurushiana nyimbo za kejeli. Abaluhya ilibadilisha jina na kuitwa AFC Leopards mwaka 1980, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya kikabila, lakini mechi ya timu hizo mbili ingali inaitwa debi ya Mashemeji. Jina limekaa pazuri. Waluhya na Wajaluo wameoana kwa vizazi, na shemeji ndiye mtu ambaye desturi inamruhusu kumcheka mwenzake. Mawe yaliyorushwa katika baadhi ya mechi yanaonyesha kwamba ruhusa hiyo ina kikomo.

Kanuni za mchongoano wenyewe hazijaandikwa na yeyote, lakini mtoto wa Kariobangi na wa Makadara huzijua kwa namna inayokaribiana. Ya kwanza ni kwamba anayejam, yaani anayekasirika, ameshindwa. Kukunja ngumi, kulia au kuondoka kwa hasira ni sawa na kukubali kwamba maneno yamekwisha. Ya pili inahusu ubunifu: kejeli iliyosikika jana haichekeshi leo, na anayeirudia huzomewa hata kama aliyelengwa hana jibu. Ya tatu ni kuendelea na mada. Mmoja akianza na unene wa mama, jibu zuri hupanda juu ya unene huohuo kabla ya kuhamia kwingine, na hapo ndipo mwenye kipaji hutambulikana.

Kanuni ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu uongo. Kejeli lazima iwe ya chumvi kiasi kwamba hakuna anayeweza kuiamini. Mwanaisimu William Labov aliona jambo hilohilo alipochunguza matusi ya mchezo ya vijana weusi wa Marekani na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1972: tusi hubaki mchezo maadamu kila mtu anajua si kweli, na likigusa ukweli, mchezo umevunjika. Huko Marekani nako shabaha kuu ni mama, na muundo wa "hadi" una ndugu yake. Eastlands kanuni hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu umaskini unaochekwa ni wa kweli na ni wa wote. Kumwambia mtu kwao kuna njaa hadi panya wamehama wakamwachia paka funguo ni mchezo, hata kama wote wawili hawakula mchana. Kumwambia kwamba mamake jana alikopa unga kwa mama mboga na hajalipa ni uchokozi, kwa kuwa jambo hilo lilitokea na majirani wanalijua. Ni kwa sababu hiyohiyo aliyefiwa na mzazi kwa kawaida huachwa. Maneno yasiyo na ubaya kwa mwingine, kwake yana kaburi ndani yake.

Mahali napo pana sheria zake. Mchongoano hufanyika kwenye baze, yaani pale vijana wa eneo moja wanapokutana kila siku: ukingo wa mtaro, kibaraza cha duka, gari bovu lililoegeshwa miaka mingi. Mwanaisimu Peter Githinji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, alionyesha jinsi kila baze inavyoyatumia maneno yake ya Sheng kuwatambua walio wake na walio wageni. Utani hufuata mipaka hiyohiyo. Mgeni husikiliza kwanza; akianza kuchongoa watu siku ya kwanza huonekana mjuaji. Mzee akipita, sauti hushuka, Sheng hugeuka Kiswahili cha salamu, na mama aliyekuwa akichorwa mnono kuliko basi huamkiwa kwa heshima na kubebewa mfuko wake wa sokoni. Mkubwa wa baze naye ana kazi yake: akiona utani umeanza kuuma husema basi, na kwa kawaida husikizwa. Wasichana huchongoana pia, shuleni hasa, ingawa baze nyingi zilikuwa za wavulana na maelezo mengi yaliyoandikwa yamewahusu wavulana.

Mitaa yenyewe ilichekana. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, ikawa ya watu wa mishahara ya kati, wenye nyumba zenye ua na geti. Dandora ilifuata kuanzia katikati ya muongo huo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja takriban 6,000 vikigawiwa watu wa kipato cha chini ili wajenge wenyewe kidogo kidogo. Kwa vijana wa Dandora, wa Buruburu walikuwa laini. Kwa wa Buruburu, wa Dandora walikuwa wa jaa la takataka. Na wote walikubaliana kuwacheka wababi, yaani watoto wa matajiri, wa magharibi mwa jiji wasiojua Sheng. Kushrabu, yaani kuzungumza kwa lafudhi ya lugha ya mama, kulichekwa kila mahali. Kejeli ya lafudhi ilikuwa njia ya vijana ya kugusa ukabila bila kuutaja, na pengine ndiyo sehemu ya utani huo isiyokuwa na chumvi ya kutosha.

Redio na televisheni zilichelewa kuufikia mchezo huu. Kwa miaka mingi ucheshi wa Kiswahili uliotangazwa na Sauti ya Kenya ulikuwa wa aina nyingine: mzee mkaidi, mke mwerevu, mahakama ya vioja. Taifa Leo ilikuwa na Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990, utangazaji ulipofunguliwa kwa wenye vituo binafsi, ndipo wachekeshaji wa kundi la Redykyulass walipomwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani. Wakati huohuo kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilileta Sheng nzito kwenye muziki wa kufokafoka. Baadaye wachekeshaji wa jukwaani walizichukua kejeli za "hadi" na kuzisema mbele ya watu waliolipa kiingilio. Walipata pesa, na mchezo ukapoteza kitu kimoja: aliyechongolewa hakuwa na nafasi ya kujibu.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 utani wa kikabila uliingia katika sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza maneno ya vitisho au matusi yanayokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au yanayoelekea kuichochea ukizingatia mazingira yote. Kwa hiyo mahakama nayo inatakiwa kuuliza swali ambalo baze imeuliza siku zote: nani alisema, kwa nani, na mbele ya nani.

Swali hilo liligeuka gumu simu zilipoingia mikononi mwa vijana. Machi 2013, Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya, ilipokwenda Calabar kucheza na Nigeria na kutoka sare ya 1-1, malalamiko kuhusu namna timu ilivyopokewa yaligeuka mchongoano wa siku kadhaa kwenye Twitter kati ya Wakenya na Wanigeria. Chumvi ilikuwa nyingi, jibu lilipanda juu ya jibu, na kila upande ulijihesabia ushindi. Hakukuwa na mkubwa wa kusema basi. Katika makundi ya WhatsApp ya mitaa na ya waliosoma pamoja, kazi hiyo imeangukia msimamizi wa kundi, naye ana uwezo ambao mkubwa wa baze hakuwa nao: kumwondoa mtu kwa kubonyeza kidole, hata kabla wenzake hawajaamua kama maneno yake yalichekesha.