Kariakoo: ghorofa jipya, mtaa uleule

Wadau, Kariakoo mtembea kwa miguu anagombania njia na magari. Lawama tunawapa madereva na machinga. Mimi nasema tuanzie kwenye ramani.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Jina likabaki. Viwanja vidogo na mitaa iliyonyooka ya enzi za ukoloni vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya alilolichora Beda Amuli. Baadaye yakaja maghorofa. Kiwanja kilekile kikabeba maduka na wapangaji tele; mtaa haukuongezeka upana.

Mipango haikukosekana. Dar ilipata mpango mkuu mwaka 1949, 1968 na 1979. Tatizo ni kwamba kibali huombwa kwa jengo mojamoja, wakati msongamano ni wa mtaa mzima. Ghorofa moja haliui mtu. Hamsini yakijipanga, mtoto wa shule anasukumwa barabarani.

Kabla muhuri haujagongwa, aulizwe basi: huyo mtoto atapita wapi?

Mnasemaje, wadau?