Hitilafu za hifadhi ya mtandao katika Kasongo na Kabambare

Hifadhi ya mtandao, kwa kifupi NAS, ni kompyuta ndogo yenye diski moja au zaidi ambayo huwawezesha watumishi wa ofisi kutumia mafaili yaleyale kupitia ruta au swichi. Kasongo na Kabambare ni teritwari mbili kati ya saba za jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mazingira ya namna hiyo, ambako ofisi hutegemea sola na jenereta, fundi makini huanza kukagua umeme, kisha saa, kisha kebo. Diski huja mwisho.

Umeme

Umeme wa kawaida nchini ni wa volti 220 na hezi 50. Jenereta ndogo ikilemewa, mzunguko wake hupungua kasi na hezi hushuka. UPS, yaani kifaa cha betri ya akiba, huuona umeme huo kuwa mbovu, ikaukataa na kuendelea kula betri yake. Matokeo yake humshangaza kila asiyeyajua: jenereta inanguruma uani, taa zinawaka, lakini NAS inazimika. Kubadilisha betri hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuipunguzia jenereta mzigo, kulegeza kiwango cha ukali cha UPS iwapo mtengenezaji ameruhusu, au kuihamishia NAS kwenye inveta ya sola inayotoa wimbi safi.

UPS iunganishwe na NAS pia kwa waya wa USB. Bila waya huo kifaa hakipati taarifa kwamba betri inakwisha, nacho hukatika katikati ya kuandika. Umeme ukirudi, kifaa hukagua mfumo wa mafaili, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Kukizima tena wakati huo kwa kukosa subira ni hatari kubwa.

Saa

Maniema hufuata saa za mashariki ya nchi, UTC+2, ilhali Kinshasa ni UTC+1. Fundi akiacha kanda ya saa ya Kinshasa kisha akasogeza mishale kwa mkono ili ilingane na saa ya ukutani, saa ya ndani ya kifaa huwa imekosea kwa saa nzima. Ofisi inayotumia Kerberos kuthibitisha watumiaji itakataliwa kuingia, kwa kuwa itifaki hiyo kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Kanda sahihi katika orodha ni Africa/Lubumbashi.

Mtandao

Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kifaa hakikupewa anwani na ruta. Kompyuta mpya zisizoiona NAS kuukuu mara nyingi zimefungiwa SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili, ambayo Microsoft iliacha kuisakinisha kwa kawaida kuanzia toleo la Windows 10 la vuli ya 2017. Kuirudisha si suluhisho la kupendekezwa: virusi vya WannaCry vilienea Mei 2017 kupitia udhaifu wake.

Diski

Ripoti ya SMART, yaani ya diski kuhusu hali yake yenyewe, isomwe kabla ya kununua chochote. Namba 199 ikipanda, mshukiwa wa kwanza ni kebo au mguso wake. Namba 5 na 197 zikipanda, diski yenyewe inaharibika. Katika RAID, yaani mpango wa kuunganisha diski kadhaa, RAID 1 na RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja, RAID 6 mbili. Diski mpya inayochukua nafasi ya iliyokufa inapojazwa, zilizobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na iliyochoka yaweza kufa hapohapo. Kwa hiyo mafaili ya lazima hunakiliwa kwanza, na namba ya utambulisho ya diski mbovu huhakikishwa kabla ya kuichomoa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red zilitumia uandishi wa SMR, ambao hurefusha sana ujazaji huo.

RAID haihesabiwi kuwa nakala rudufu. Januari 2022 shambulio la DeadBolt lilifunga kwa fumbo mafaili ya NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na wingi wa diski haukumwokoa mtu. Diski ya nje iliyochomolewa na kuwekwa jengo jingine ingetosha.

Unyevu na vumbi

Chujio la feni husafishwa, na kifaa huinuliwa kutoka sakafuni.

Hali ya sasa

Takwimu za afya za Kongo hupelekwa kwenye mfumo wa DHIS2, lakini skani za rejista, picha na hesabu za ofisi hubaki kwenye diski za hapohapo. Kwa upande wa intaneti, huduma ya setilaiti ya Starlink ilipewa leseni nchini Mei 2025.