Rimu za Dhahabu Kwenye Barabara ya Kakuma

Leo nitawaudhi watu wa Subaru, na najua mko wengi hapa.

Binamu yangu ana Impreza WRX ya 1994. Mwaka jana aliivalisha rimu mpya za inchi 18, rangi ya dhahabu, alizouziwa na duka moja ambalo sitalitaja. Muuzaji alimwambia, "Tundu tano kwa tano, zinaingia." Na kweli ziliingia. Tukatoka Lodwar kwenda Kakuma, kilomita kama 120, mama yangu akiwa nyuma. Tulipofika mwendo wa themanini usukani ukaanza kutetemeka. Kabla ya Kakuma gurudumu la mbele likachomoka, likatupita, likaenda kulala mchangani. Mama hakusema neno mpaka tukafika nyumbani. Mnajua mama akinyamaza maana yake ni nini.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msiniite injinia. Lakini nilikaa siku kadhaa na fundi mmoja wa Kakuma na vernier yake, na nikagundua rimu ni historia tupu.

Anza na Land Rover za zamani. Boliti zake tano ziko kwenye duara la milimita 165.1. Kwa nini hiyo .1 ya ajabu? Kwa sababu Mwingereza alipima kwa inchi: ni inchi 6.5 kamili. Hayo ndiyo magari yaliyofika huku wakati serikali ya mkoloni ilimweka Kenyatta Lokitaung, halafu Lodwar kuanzia 1959, mahali ambapo mtu hangemfikia kirahisi. Kisha ikaja Land Cruiser: boliti sita, milimita 139.7, yaani inchi 5.5. Mjapani naye alikuwa amerithi inchi. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa 1992, Land Cruiser ndiyo iliyokuwa ikipanda na kushuka barabara hii, na tairi zake za 7.50-16, ndefu kama mkate.

Katikati hapo kuna hadithi ya lami. Norway ilisaidia kujenga barabara ya Kitale hadi Lodwar miaka ya 80. Mwaka 1990 Kenya ikakosana na Norway, ubalozi ukafungwa, na lami ikaachiwa jua na mafuriko. Tuliokulia hapa tunaikumbuka ikiwa vipandevipande, dereva anaiacha na kupita mchangani kwa sababu mchanga ni afadhali. Ndiyo maana wazee wakienda Kitale walikuwa wanasema wanaenda Kenya. Siku hizi sehemu kubwa imejengwa upya, na hapo ndipo vijana tukaanza kuleta magari ya mbio.

Na kwa nini Subaru? Safari Rally, bana. Colin McRae alishinda 1997 na Impreza ya bluu, Richard Burns akarudia 2000. Kila kijana ana ile picha kichwani: gari la bluu, rimu za dhahabu. Lakini angalia picha vizuri. Magari ya WRC kwenye vumbi huvaa rimu za inchi 15 na tairi nene. Inchi 18 ni za lami, za kule Ulaya. Sisi tulichukua rangi ya Safari na kipimo cha Ufaransa.

Sasa turudi kwa gurudumu lililotuacha. Duara la boliti lilikuwa sawa, tano kwa milimita 100, hapo muuzaji hakudanganya. Shida ya kwanza ilikuwa tundu la katikati. Habu ya Impreza ni milimita 56.1, na rimu zile zilikuwa na 73.1, kwa sababu rimu za kuuzia kila mtu hutobolewa kubwa ili ziingie magari mengi. Pengo hilo huzibwa kwa pete maalum. Hakupewa pete. Gurudumu likawa linashikwa katikati na nati peke yake.

Na nati zenyewe ndizo zilizotumaliza. Zilikuwa za Toyota. Boliti ya Toyota na ya Subaru zote ni unene wa milimita 12, ila nyuzi za Toyota zimeachana 1.5 na za Subaru 1.25. Nati inaanza kuingia, halafu inakuwa ngumu, na wewe unadhani imekaza. Kumbe inakula nyuzi. Juu ya hayo, ofseti ilikuwa 35 wakati ya kiwanda inapita 50, kwa hivyo magurudumu yalisimama zaidi ya milimita 15 nje na kuielemea beringi.

Mtaniambia mchukue za Allion au Premio. Duara ni lile lile la 100, lakini tundu ni 54.1, halikai kwenye habu ya Subaru. Kupanua kwa mashine ya kukerezea, sawa. Kwa grainda, hapana, hata kama fundi ni mjomba wako. Na ukisikia "rimu za STI" uliza mwaka kwanza: hadi 2004 ni 100, kuanzia 2005 Subaru walihamia 114.3. Ndiyo, inchi 4.5. Inchi ilirudi.

Maoni yangu: Impreza ya 1994 ilitoka na 205/55R15, na kwa Turkana hiyo ndiyo saizi. Ukuta wa tairi ni kama milimita 113. Alizonunua zilikuwa 215/35R18, ukuta wa 75. Urefu wa gurudumu zima unakaribia kuwa sawa, tofauti ni nani anapokea shimo, mpira au chuma.

Tulimpatia rimu za inchi 15 kutoka Forester mzee, nati za Subaru, boliti mpya. Fundi aliizungusha kila moja kwa mkono kuona kama inagusa breki kabla ya kukaza. Ukiwa na breki za Brembo usijaribu, hizo zinataka 17.

Zile za dhahabu ziko juu ya paa la jikoni kwa mama, zinashikilia mabati upepo ukija. Binamu ameziomba mara mbili. Mama amekataa.